Kasa wa nchi nyingi: setilaiti zinavyofichua njia zao katika Bahari ya Hindi

Mnamo mwaka 2012, kasa majike wanane waliokuwa wamepanda ufukoni kutaga mayai huko Diego Garcia, kisiwa kikubwa kuliko vyote katika funguvisiwa la Chagos, walibandikwa vifaa vya mawasiliano mgongoni kisha wakaachwa warudi majini. Watafiti walitaka jibu la swali moja: baada ya kutaga, kasa hawa huenda wapi? Miaka miwili kabla ya hapo, Uingereza ilikuwa imeyatangaza maji ya Chagos kuwa hifadhi ya bahari yenye ukubwa wa takriban kilomita za mraba 640,000 na kupiga marufuku uvuvi wa kibiashara ndani yake. Wakati huo hapakuwa na hifadhi nyingine ya bahari duniani iliyolingana nayo kwa ukubwa, na ilikuwa rahisi kuamini kwamba mnyama anayezaa humo amekwisha kupata kinga ya kutosha.

Wengi wa kasa wale hawakukaa. Walivuka mpaka wa hifadhi, na mmoja wao akakata bahari kuelekea magharibi kwa karibu kilomita 4,000 hadi pwani ya Somalia. Kwa kasa huyo, hifadhi ile kubwa ilikuwa chumba cha uzazi tu. Malisho yake, ambako kasa mkubwa hupitisha sehemu kubwa zaidi ya maisha yake, yalikuwa katika maji ya nchi nyingine, tena nchi iliyokuwa ikihangaika hata kuzizuia meli za kigeni zisivue kwenye pwani yake.

Habari za namna hiyo zimekuwa zikijirudia katika eneo lote la magharibi mwa Bahari ya Hindi, kuanzia Komoro na Shelisheli hadi Kenya, Tanzania, Msumbiji na Madagaska. Zimewalazimisha wataalamu na serikali kukiri jambo ambalo wavuvi wazee wa pwani hawakuhitaji kuambiwa: kasa si mali ya ufuko anaotagia. Kinachobaki ni swali gumu zaidi, nalo si la kisayansi. Ikiwa mnyama mmoja anategemea nchi nne au tano, nani anapaswa kumlinda, na kwa gharama ya nani?

Kifaa kilicho mgongoni

Maneno "kufuatiliwa kwa setilaiti" huwapotosha watu wengi, wakadhani kwamba kuna jicho angani linalomtazama kasa akiogelea. Sivyo. Nyangumi anaweza kuonekana katika picha za setilaiti zenye uwezo mkubwa kabisa, zile ambazo nukta moja ya picha inawakilisha takriban sentimita 30 za uso wa dunia, na wako watafiti wanaowahesabu nyangumi kwa njia hiyo. Kasa ni mdogo mno kwa kazi hiyo, na muda mwingi yuko chini ya maji. Setilaiti haimwoni, inamsikia.

Mfumo unaotumika zaidi unaitwa Argos, ulioanzishwa mwaka 1978 kwa ushirikiano wa Ufaransa na Marekani. Vipokezi vyake vimefungwa kwenye setilaiti zinazoizunguka dunia kwa kupita karibu na ncha zake mbili, kiasi cha kilomita 850 kutoka ardhini. Kifaa kilichogandishwa kwenye gamba la kasa kwa gundi ngumu hutuma mawimbi mafupi ya redio, na setilaiti inayopita juu huyapokea. Mahali alipo kasa hukokotolewa kwa kanuni ile ile inayofanya king'ora cha gari la wagonjwa kisikike chembamba kinapokuja na kizito kinapokwenda zake. Setilaiti inapokikaribia kifaa, mawimbi huonekana kujibana. Inapokiacha nyuma, huonekana kutanuka. Kwa kupima badiliko hilo, kompyuta iliyoko ardhini hukadiria kifaa kiko wapi.

Kwa mnyama wa nchi kavu hilo lingetosha. Kwa kasa kuna kikwazo, kwani mawimbi ya redio hayapenyi maji ya chumvi. Kwa hiyo kifaa kina kitambuzi kinachojua kama kimezama au kimeibuka. Kikiwa ndani ya maji hunyamaza ili kuokoa betri. Kasa akiibuka kupumua, huamka na kutuma ujumbe wake. Nafasi hiyo ni fupi sana, na mara nyingi setilaiti haiko juu wakati huo. Ndiyo maana makadirio ya Argos peke yake yanaweza kukosea kwa mamia ya mita, wakati mwingine kwa kilomita kadhaa. Teknolojia mpya zaidi huchukua ishara za GPS katika sehemu ndogo ya sekunde, kabla kasa hajazama tena, na imelipunguza kosa hilo hadi makumi ya mita. Tofauti hiyo si ndogo. Kosa la kilomita tatu linaweza kumweka kasa upande usio wa mpaka wa nchi, au likamtoa ndani ya hifadhi na kumtupa nje.

Kifaa kimoja hugharimu dola za Marekani elfu kadhaa, na hudumu kwa miezi, mara chache zaidi ya mwaka mmoja au miwili. Kinaponyamaza, sababu zinaweza kuwa nyingi: betri imekwisha, chaza wamekifunika, antena imevunjika kwenye mwamba, au kasa amekufa. Imewahi kutokea katika bahari mbalimbali duniani kwamba kifaa kikaanza kutuma ishara mfululizo, bila kuzama hata mara moja, kutoka mahali penye nyumba za watu. Mtafiti aliyeketi mbele ya kompyuta yake huelewa mara moja kilichotokea.

Kuna upungufu mwingine ambao hautajwi sana. Takriban taarifa zote hizi zinawahusu majike waliokomaa, kwa sababu hao ndio wanaopanda ufukoni na kuweza kushikwa kwa urahisi. Dume, tangu siku anapoanguliwa na kukimbilia baharini, kwa kawaida harudi tena nchi kavu. Kwa hiyo ramani za njia za kasa, hata zikipendeza namna gani, ni ramani za mama wazazi tu.

Kutoka Mwali hadi bara

Kabla ya setilaiti, kasa walifungwa vipande vya chuma vyenye namba kwenye makasia yao. Mvuvi aliyemnasa kasa huyo mbali na alikofungwa, akiwa mwaminifu, alirudisha namba. Njia hiyo ilitoa nukta mbili tu, ya mwanzo na ya mwisho, bila kueleza lolote kuhusu njia iliyopitwa kati yake.

Kati ya mwaka 2009 na 2011, watafiti walio na makao yao katika kisiwa cha Réunion, wakiwemo wa kituo cha kasa cha Kelonia na wa taasisi ya Ufaransa ya utafiti wa bahari, Ifremer, waliwabandika vifaa zaidi ya kasa 100 wa kijani waliokuwa wakitaga katika visiwa vya Mayotte, Mwali, Glorieuses, Juan de Nova, Europa na Tromelin. Baadhi ya visiwa hivyo havina wakazi wa kudumu isipokuwa askari wachache na wanasayansi wa zamu. Kasa walipomaliza kutaga walitawanyika kuelekea pwani za Madagaska, Msumbiji, Tanzania na kwingineko, kila mmoja akirejea kwenye malisho yake. Kasa waliozaa katika visiwa tofauti walikutwa wakila katika pwani moja, na waliozaa ufuko mmoja wakaachana njia na kwenda nchi tofauti.

Maana ya matokeo hayo huonekana vizuri zaidi ukiitazama Mwali, kisiwa kidogo kuliko vingine katika Muungano wa Komoro. Katika kijiji cha Itsamia wanakijiji wenyewe wamekuwa wakilinda fukwe kwa miaka mingi, wakikesha usiku ili wawindaji wasiwachinje kasa wanaopanda kutaga. Si kazi ya malipo makubwa, na wala si salama kila mara. Lakini kasa aliyelindwa Itsamia kwa wiki kadhaa anaweza, mwezi mmoja baadaye, kuwa katika malisho ya pwani ya bara ambako hakuna anayejua ametoka wapi. Jike wa kasa wa kijani huchukua miaka mingi, kwa kawaida zaidi ya ishirini, kabla ya kutaga kwa mara ya kwanza, kisha hutaga kila baada ya miaka miwili, mitatu au zaidi. Jarife moja lililotegwa usiku mmoja linaweza kufuta kazi ya walinzi ya kizazi kizima.

Hapa inafaa kuongeza kwamba vifaa vya kufuatilia si mara zote huonyesha safari ndefu. Kisiwani Mafia, nchini Tanzania, papa mkubwa aitwaye potwe, yule ambaye wavuvi wa Kenya humwita papa shilingi kwa sababu ya madoa yake meupe, alidhaniwa kuwa mgeni wa msimu, kwani baada ya miezi fulani haonekani tena juu ya maji. Vifaa vya sauti vilivyowekwa chini ya bahari vilionyesha kwamba potwe wengi hawakuwa wameondoka. Walikuwa wamesogea mbali kidogo na ufuko na kwenda kina kirefu zaidi. Aliyedhaniwa msafiri alikuwa mwenyeji.

Picha huona nini, na haioni nini

Kujua njia za kasa hakutoshi bila kujua kwa nini wanazifuata, na hapo ndipo picha halisi za setilaiti zinapoingia. Setilaiti za Ulaya za Sentinel-2, ya kwanza ikiwa imerushwa mwaka 2015, hupiga picha za pwani ambazo kila nukta yake ni mita 10, na mbili zikifanya kazi pamoja hupita mahali pale pale kila baada ya siku tano. Picha hizo hutolewa bure. Kwa kutazama rangi ya maji, mtaalamu anaweza kutenganisha mchanga, matumbawe na nyasi za bahari, zile zinazoota chini ya maji mafupi na ambazo ndizo chakula kikuu cha kasa wa kijani aliyekomaa. Setilaiti nyingine hupima joto la uso wa bahari, wingi wa vimelea vidogo vya kijani vinavyoanzisha mnyororo wa chakula, na hata kimo cha maji, ambacho kutokana nacho mikondo ya bahari hukokotolewa.

Hata hivyo, picha ina mipaka yake. Mwanga haushuki mbali. Katika maji maangavu ya visiwani nyasi huonekana kwenye kina cha mita kadhaa, pengine zaidi. Mbele ya delta ya Rufiji, ambako mto humwaga tope lake, hazionekani hata zikiwa karibu. Mawingu ya masika nayo huziba picha kwa wiki nzima. Ramani ya nyasi za bahari iliyochorwa kutoka angani peke yake ina matundu, na bahati mbaya matundu hayo yako hasa mahali penye mito, mikoko na samaki wengi.

Huko Chagos jambo la kuvutia lilitokea. Kasa kadhaa walioendelea kukaa ndani ya funguvisiwa walionekana wakirudi tena na tena kwenye sehemu fulani za Great Chagos Bank, uwanda mpana uliozama, ambako hakuna ramani iliyokuwa ikionyesha nyasi. Wapiga mbizi walipokwenda kuangalia, walikuta mashamba ya nyasi za bahari kwenye kina kirefu. Mnyama alikuwa amechora ramani ambayo picha ilishindwa kuichora. Njia hizo mbili hazishindani, basi. Kila moja hujaza pengo la nyenzake.

Kanuni zilizotoka Lilongwe

Usimamizi unaozingatia mfumo ikolojia mzima, badala ya spishi moja moja, mara nyingi husimuliwa kana kwamba ni wazo lililoletwa Afrika kutoka ng'ambo. Historia yake ina sura tofauti kidogo. Kanuni 12 ambazo leo ndizo msingi wa njia hiyo chini ya Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Bayoanuwai zilitokana na warsha iliyofanyika Lilongwe mwaka 1998, ndiyo maana bado huitwa Kanuni za Malawi, na ziliidhinishwa na nchi wanachama mjini Nairobi mwezi Mei mwaka 2000. Kanuni ya kwanza inasema kwamba malengo ya usimamizi ni uamuzi wa jamii yenyewe. Nyingine zinataka maamuzi yashushwe hadi ngazi ya chini inayofaa, zinataka athari kwa mazingira ya jirani zizingatiwe, na zinatambua elimu ya wenyeji kuwa ni elimu, sawa na ile ya maabara.

Kwa nini isitoshe kumlinda kasa tu? Jibu moja liko katika visiwa vya Lakshadweep, magharibi mwa India. Kasa wa kijani waliolindwa vizuri waliongezeka katika rasi ya Agatti hadi wakazila nyasi za bahari kupita kiasi. Nyasi zilipopungua, samaki waliokuwa wakijificha humo nao wakapungua, na wavuvi wakawalaumu kasa na sheria inayowalinda. Kisha kasa wakahamia rasi nyingine, na yale yale yakaanza upya. Papa wakubwa, ambao zamani wangewafanya kasa wasitulie mahali pamoja, wamevuliwa mno katika sehemu nyingi za bahari. Spishi moja ilipata ulinzi, lakini mfumo wa maisha uliokuwa ukiizunguka haukupata.

Mfano wa pili uko karibu zaidi. Katika pwani ya Kenya, ikiwemo Diani, watafiti wameeleza jinsi mashamba ya nyasi za bahari yalivyoliwa hadi mizizi na mnyama mdogo wa mviringo mwenye miiba mwilini kote, yule ambaye kila aliyewahi kutembea miambani maji yakitoka anamfahamu kwa uchungu. Adui wake mkuu ni samaki wa jamii ya kikande, mwenye meno yanayoweza kuuvunja mwili wake. Kikande anapovuliwa mno, wanyama wa miiba huzaana bila kizuizi na nyasi huisha. Kwa hiyo mtu anayetaka kumlinda kasa wa pwani hiyo huenda akalazimika kuanza na kikande, samaki ambaye hakuna anayechangisha fedha kwa jina lake wala kumchora kwenye mabango.

Hawaii na pwani ya ngalawa

Mahali ambapo setilaiti zimetumika moja kwa moja kuongoza uvuvi ni Hawaii. Meli zinazovua samaki upanga kaskazini mwa visiwa hivyo kwa mishipi mirefu yenye ndoana nyingi zilikuwa zikinasa kasa aina ya duvi. Sheria iliweka kikomo: duvi 17 wakinaswa katika mwaka mmoja, uvuvi huo wote unafungwa. Mwaka 2006 kikomo kilifikiwa mwezi Machi tu, na msimu ukafa ukiwa bado mchanga. Wanasayansi wa idara ya bahari ya Marekani walilinganisha njia za duvi wenye vifaa na picha za joto la bahari, wakagundua kwamba duvi walipendelea sana ukanda wa maji yenye takriban nyuzijoto 17.5 hadi 18.5. Tangu mwishoni mwa mwaka huo, manahodha wamekuwa wakipewa ramani ya ukanda huo, unaosogea kadiri bahari inavyopoa na kupata joto, wakishauriwa wasiushushie ndoana zao. Ushauri huo haukuwa amri. Lakini kila nahodha alijua kwamba uzembe wa mmoja ungewafungia wote kazi.

Ni mfano mzuri, na kwa sababu hiyo hunukuliwa kupita kiasi. Uvuvi wa samaki upanga wa Hawaii una idadi ndogo ya meli, zenye mawasiliano ya setilaiti na waangalizi wa serikali ndani yake. Pwani ya Afrika Mashariki ina maelfu ya ngalawa, madau na mashua zinazotoka alfajiri na kurudi jioni, nyingi zikiwa hazina hata redio. Hata uchunguzi wa kimataifa uliochapishwa mwaka 2024, uliotumia picha za rada za setilaiti na kubaini kwamba karibu robo tatu ya meli za uvuvi wa viwandani duniani hazikuwa zikionekana katika mifumo ya wazi ya ufuatiliaji, ulihusu meli za viwandani. Ngalawa ya mbao ni ndogo mno kuonekana na rada hiyo kwa uhakika. Setilaiti inaweza kumfuata kasa hadi kwenye malisho yake, lakini haimwoni mtu aliyetega wavu hapo.

Kwa mtu huyo, tatizo lina sura nyingine kabisa. Jarife hutegwa kwa ajili ya papa, taa na samaki wengine wakubwa, na kasa hunasa humo bila kukusudiwa. Akinaswa, hawezi kupanda juu kupumua, na hufa. Kasa aliye hai anapofurukuta hupasua wavu ambao bei yake ni mapato ya wiki nyingi. Kumwambia mvuvi amwachilie kasa ni kumwambia akate wavu wake mwenyewe. Huko Watamu, Kenya, shirika la kienyeji la uhifadhi limekuwa kwa zaidi ya miaka ishirini likipokea simu za wavuvi walionasa kasa, likija kumchukua mnyama, kumpima na kumrudisha baharini, na kumpa mvuvi kiasi kidogo cha fedha kufidia muda na wavu wake. Wapo wanaoupinga mpango huo kwa hoja kwamba unazoesha watu kulipwa kwa kutii sheria. Hoja hiyo ingekuwa na uzito zaidi kama sheria hiyo ingekuwa inamwekea mvuvi chakula mezani.

Nyasi zenye bei

Sheria za kikanda zipo, na baadhi zina meno. Kamisheni ya Jodari ya Bahari ya Hindi, yenye makao yake Shelisheli, ilipiga marufuku nyavu za kuelea zenye urefu unaozidi kilomita 2.5 katika eneo lake lote kuanzia Januari 1, 2022, ikiwa ni pamoja na maji ya nchi wanachama. Chini ya Mkataba wa Nairobi wa mwaka 1985 unaohusu mazingira ya bahari ya eneo hili, kumekuwa na mazungumzo ya muda mrefu kuhusu hifadhi ya pamoja katika mpaka wa Kenya na Tanzania, ambako nyasi, matumbawe na wavuvi huvuka mstari bila kuuona. Kusini zaidi, Tanzania ina hifadhi ya bahari ya Ghuba ya Mnazi na mlango wa mto Ruvuma, inayopakana na Msumbiji. Upande wa pili wa mto ni jimbo la Cabo Delgado, lenye visiwa vya Quirimbas, ambalo tangu Oktoba 2017 limo katika vita vya uasi vilivyowafukuza maelfu kwa maelfu ya watu makwao. Kasa huendelea kupita hapo. Wanaoweza kwenda kuwahesabu ni wachache.

Mara chache sana uharibifu wa malisho ya bahari umewahi kuthaminiwa kwa fedha mbele ya hakimu. Mwaka 2018, Mahakama Kuu iliyoketi Malindi iliamuru wavuvi wapatao 4,600 wa Lamu walipwe shilingi za Kenya bilioni 1.76 kwa hasara iliyotokana na ujenzi wa bandari mpya, ambao ulihusisha uchimbaji wa sakafu ya bahari. Kesi hiyo haikuwa ya kasa. Walalamikaji walidai haki yao ya kuvua, ya mazingira safi na ya kushirikishwa. Lakini tope lililofukuliwa hufunika nyasi zile zile ambazo kasa na nguva huzitegemea, na hukumu ilikuwa ukumbusho kwamba sakafu ya bahari ina wenyewe.

Suala la wenyewe linairudisha habari hii Chagos. Wakazi wa visiwa hivyo walifukuzwa kati ya mwishoni mwa miaka ya 1960 na mwaka 1973 ili kupisha kambi ya kijeshi ya Marekani. Mwaka 2015, baraza la usuluhishi lililoundwa chini ya Mkataba wa Sheria ya Bahari liliamua kwamba Uingereza, kwa kuitangaza hifadhi ile kubwa, ilikuwa imekiuka wajibu wake kwa Morisi. Mei 2025 nchi hizo mbili zilitia saini mkataba kuhusu kurejeshwa kwa mamlaka ya visiwa kwa Morisi. Hakuna shaka kwamba kasa wamenufaika na utulivu wa fukwe zile. Ila utulivu huo ulipatikana kwa kuwaondoa watu, na mfano wa namna hiyo haufai kupelekwa Itsamia wala Kilwa.

Takwimu za dunia kwa sasa zinatia moyo. Oktoba 2025 Umoja wa Kimataifa wa Uhifadhi wa Maumbile, IUCN, ulimtoa kasa wa kijani katika kundi la spishi zilizo hatarini kutoweka na kumweka katika kundi la zisizotia wasiwasi mkubwa, baada ya miongo ya kulinda fukwe na mayai. Kisiwa cha Aldabra huko Shelisheli, ambako kuwinda kasa kulipigwa marufuku mwaka 1968, kimeshuhudia idadi ya wanaotaga ikiongezeka mara kadhaa. Hata hivyo, wastani wa dunia nzima huficha hali ya kila pwani, na ng'amba, jamaa yake mwenye gamba lililokuwa likitengenezewa vitana na mapambo, bado yuko katika kundi la walio katika hatari kubwa zaidi.

Mkataba mpya wa Umoja wa Mataifa kuhusu bahari zilizo nje ya mamlaka ya nchi yoyote, uliopitishwa mwaka 2023, umeanza kutumika Januari 2026. Kwa mara ya kwanza kuna njia ya kisheria ya kuanzisha hifadhi katika maji makuu kama yale aliyoyavuka kasa wa Diego Garcia akielekea Somalia. Mashamba ya nyasi mwishoni mwa safari yake hayamo katika mkataba huo. Yako ndani ya maji ya nchi, na katika sehemu nyingi za Kenya na Tanzania yanasimamiwa kila siku na vikundi vya wavuvi vya usimamizi wa fukwe, BMU. Ramani zilizochorwa kwa vifaa vya kasa na kwa picha za setilaiti zimechapishwa katika majarida ya Kiingereza na Kifaransa. Vikundi hivyo huendesha mikutano yao kwa Kiswahili.